Nundu ya Akili Iliyotolewa Kichwani Mwangu

Kwa Daktari wa Chumba cha Upasuaji Mdogo,
Mlango wa mwisho, korido ya kushoto,
Mkabala na mizani iliyoharibika.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: KUPUNGUZIWA AKILI BILA UKOO KUSHIRIKISHWA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana ni ndefu, na kwamba wagonjwa wako wanaendelea kutoka kwako wakiwa wepesi kuliko walivyoingia. Mimi hali yangu ni nzuri, kwa kadiri mtu aliyepunguzwa anavyoweza kuwa na hali nzuri.

Huenda hunikumbuki, maana unaona vichwa vingi. Mimi ni yule mkutubi wa chuo aliyekuja na nundu juu ya sikio la kulia, akauliza maswali hadi muuguzi wako akasema, "Dada, hapa tunatoa nundu, hatufanyi usaili." Uliitoa. Sikatai kwamba uliitoa. Kidonda kimefunga, nyuzi zimeondolewa, nywele zimeanza kuota. Kwa upande wa ngozi sina neno. Malalamiko yangu yanahusu akili.

Ili unielewe, lazima nikueleze kidogo habari za upande wa mama. Kwetu nundu za kichwani ni za kurithi, kama wengine wanavyorithi pua. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa nazo mbili, na mtaa mzima ulikuwa ukienda kwake kupatanishwa. Mjomba, kaka yake mama, anayo moja katikati ya upara, inang'aa kuliko upara wenyewe, naye hajawahi kuhudhuria mkutano asiuongoze. Mama anayo utosini. Yangu ilianza kujitokeza mwaka ule ule nilioshika nafasi ya kwanza darasani. Mjomba aliipapasa mbele ya wageni, akatangaza, "Imeingia! Huyu naye imeingia!" Tangu siku hiyo hakuna nyumbani aliyeiita uvimbe. Inaitwa nundu ya akili. Ukoo unaamini kwamba akili zikizidi nafasi ya fuvu hutafuta pa kutokea, na kusema kweli, kwa miaka mingi haukuwa na sababu ya kutoamini.

Ningeweza kuishi nayo hadi nikafa. Nilikuja kwako kwa sababu moja tu, ambayo naomba usiisahau unaposoma yote yanayofuata: nundu ya mama imeanza kumuuma, na mama hataki kuitoa mpaka aone mtu mwingine wa ukoo ametolewa yake na amebaki kama alivyokuwa. Nikajitolea kutangulia. Kwa hiyo mimi sikuwa mgonjwa wako tu, Daktari. Nilikuwa mfano. Na mfano umeharibika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuuliza nundu ilikuwa inafanya kazi gani.

Uliuliza kama nina presha. Uliuliza kama nina kisukari, kama kuna dawa inayonidhuru, kama nikijikata damu hukawia kuganda. Maswali mazuri yote. Lakini fundi wa umeme akikuta waya kwenye ukuta wa watu, kabla ya kuukata huuliza unawasha taa ya wapi. Wewe ulikuta waya, ukaona haujaunganishwa na kitu unachokijua, ukakata. Ukanipa karatasi niweke sahihi kwamba nimeelezwa hatari zote: damu, wadudu kuingia kidondani, kovu. Niliisoma mara mbili, nyuma na mbele. Kuhusu kupoteza heshima mezani kwa mjomba wako, haisemi neno.

2. Haikuuma.

Najua wengine hukushukuru kwa hili. Mimi naliweka kwenye malalamiko. Sindano ya ganzi iliuma kidogo, kama kuvutwa nywele na msusi aliyegombana na mumewe asubuhi, kisha basi. Baada ya hapo nilichosikia ni kama mtu anafungua bahasha kwenye chumba cha jirani.

Na mimi nilikuwa nimejiandaa, Daktari. Nilikuwa nimepanga vitabu vyangu kwa kimo. Nilikuwa nimefuta kwenye simu jumbe ambazo sikutaka zisomwe na warithi. Mama alikuwa ameniombea dua ndefu hadi chai ikapoa. Mjomba alikuja hospitali na shuka mbili, blanketi, chupa ya chai na redio ndogo, akamweleza mlinzi wa getini kwamba familia imejiandaa kwa lolote. Kabla hajapata pa kuweka chupa, mimi huyo, natoka, natembea kwa miguu yangu. Alinitazama kama mtu aliyekuja kusindikiza abiria akamwona anashuka kabla gari halijawashwa.

"Wamekataa kukupasua?" aliuliza.

Nikageuza kichwa nikamwonyesha plasta.

"Hako kaplasta," alisema polepole, "ndiko kameziba pa akili?"

Umetuweka pabaya. Kama kile kitu kilikuwa na thamani, mbona kimetoka bila kishindo? Na kama hakikuwa na thamani, Mjomba amekuwa akiongoza mikutano kwa kutumia nini? Swali hili limo ndani ya nyumba yetu hadi leo, linakula na sisi, na wewe ndiye uliyelileta.

3. Mazungumzo yenu.

Labda ulidhani mtu aliyefunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu hasikii. Nilisikia yote.

"Yaani fundi bomba kaja, kafungua, kaacha wazi, kaenda kutafuta spea," ulisema, kisu chako kikiwa kichwani mwangu.

"Ndiyo zao hao, Daktari," muuguzi akajibu. "Wakishafungua wanajua huna pa kwenda."

Nami nimelala ubavu, nimefunguliwa, sina pa kwenda. Sikuona pa kuchangia.

Nataka ufahamu ulikuwa unatoa nini huku ukilalamikia bomba. Mimi ni mtu wa kufikiri peke yangu, na kwa miaka mingi nundu ile ndiyo iliyokuwa msikilizaji wangu. Nikisoma niliishika. Nikikwama niliibonyeza. Kwa ajili yake nilichagua kiti cha ukutani kila darasa, upande wangu wa kulia pasiwe na mtu. Kwa ajili yake nilisuka mtindo mmoja tu tangu nikiwa msichana mdogo. Kwa ajili yake nilimkataa kijana mmoja, mtu mwema, mpole, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kushika watu kichwa akicheka. Nilikuwa nimejijengea imani kamili kuhusu upweke wangu na maana yake, na yote ilikuwa imesimama juu ya hiyo nundu. Wewe uliibomoa kabla habari za fundi bomba hazijafika mwisho, ukavua glovu, ukasema, "Tayari, dada. Mwingine."

Mwingine! Hata sikupewa muda wa kuwa na huzuni. Nilikuwa bado natafuta viatu wakati mwenzangu wa chunjua za vidoleni anapanda kitandani.

4. Uliipasua mbele yangu.

Ilitoka nzima. Nakumbuka muuguzi alivyosema, "Haya, huyo katoka mzima!" kwa sauti ya mkunga, na nusura nimuulize ni wa kike au wa kiume. Nikaomba kuiona. Ilikuwa nyeupe, duara, laini, kama haragwe lililochemshwa likamenywa. Nilishangaa ilivyokuwa ndogo. Kwa vidole vyangu mwenyewe, miaka yote ile, nilikuwa nimeipima kuwa sawa na limau.

Basi, kwa ukarimu ambao ukoo wetu hautausahau, ukaitoboa kwa ncha ya kisu ili nijue kilichomo. Kilichomo kilikuwa kama uji mzito uliolala, chenye harufu ya soksi.

"Ngozi tu," ulisema. "Ngozi iliyokosa njia ya kutoka, ikajikusanya. Wala haina madhara."

Ngozi tu. Mimi, kwa kuwa nimesoma na najua wajibu wa aliyesoma ni kusema alichokiona, nikaenda nyumbani nikawaambia hivyo hivyo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mjomba akapeleka mkono kwenye yake, akaigusa kama mtu anayehakikisha kofia haijapeperuka. Kisha akasema, "Hiyo ilikuwa yako."

Sasa tuna makundi mawili. Kundi la Mjomba linasema kila nundu ina kilichomo kulingana na mwenyewe, na kwamba uchunguzi wa daktari umethibitisha kuwa mimi tangu mwanzo nilikuwa na uji. Zile nafasi za kwanza darasani zilitokana na uhaba wa washindani. Kundi la pili lina mtu mmoja, ambaye ni mama, nalo linasema akili ni kama manukato: ukifungua chupa utakuta mafuta, lakini chenyewe kimeshaondoka na hewa. Hakuna kundi linalosema ilikuwa ngozi. Nimebaki peke yangu na kauli yako, Daktari, na kauli yako inanuka soksi.

5. Sasa kila kosa langu ni ushahidi.

Mimi nimekuwa mtu wa kusahau tangu utotoni. Nimeunguza birika tupu mara nyingi tu. Nimewahi kwenda kazini na kandambili za miguu miwili ya kushoto. Zamani nikifanya hivyo, mama alikuwa akiwaambia watu, "Mwacheni, yuko mbali anawaza," na Mjomba akitikisa kichwa kwa heshima. Leo nikisahau funguo mlangoni, Mjomba anasema neno moja tu: "Mnaona?"

Wiki iliyopita nilitia chumvi kwenye chai ya watu wote. Hakuna aliyenigombeza. Mjomba aliinywa hadi mwisho, taratibu, kama daktari anayesoma kipimo. Lakini mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa nikimtazama mama. Aliweka kikombe chini, akainua mkono, akakaza kitambaa chake cha kichwa.

Tangu hapo sithubutu kusahau. Kila nikitoka nasimama mlangoni nataja: funguo, simu, miwani, kalamu, kama mwanafunzi anayesubiri mtihani wa mdomo. Juzi pale maktaba msomaji aliniuliza kitabu fulani kiko rafu ipi, jina likanitoka, jambo linalomtokea kila mkutubi duniani. Nilisimama katikati ya rafu, machozi yakanilenga. Msomaji akadhani amenikosea, akasema, "Basi dada, nitachukua kingine." Hakujua kwamba nilikuwa nikifikiria kitanda chako na jinsi mama asivyotaka kukilalia.

6. Betri.

Nafasi yangu ya mshauri wa ukoo imechukuliwa na binamu yangu, mtoto wa Mjomba, ambaye kila mtu anamwita Betri kwa sababu asipopigwa kofi la mgongoni hawaki. Betri anayo nundu nyuma ya sikio. Ni ndogo mno, lazima uelekezwe, na hata ukielekezwa ni vyema uwe na tochi. Lakini ipo, na yangu haipo.

Huyu Betri, Daktari, ndiye aliyejaribu kunyoosha shati akiwa amelivaa. Ndiye aliyepaka mlango rangi akiwa upande wa ndani, na mlango ulikuwa mmoja. Leo ukuta wa jirani ukipata ufa, anaitwa Betri. Mtoto wa mtu akitaka kuchagua masomo, anaitwa Betri. Anashika sikio, anafumba macho, anasubiriwa, kisha anasema, "Inategemea." Na watu wazima wanaitikia kwa vichwa! Mimi nimesoma hadi macho yakahitaji miwani, na sijawahi kuitikiwa hivyo kwa neno "inategemea."

Niwe mkweli kwake. Alikuja kuniona jikoni, amekonda uso.

"Dada," alininong'oneza, "watu wananiuliza mambo. Jana wameniuliza kuhusu hati ya kiwanja. Mimi najua nini kuhusu hati? Hebu niongelee kwa huyo daktari wako, nami nikatolewe."

Huyo ndiye mtu pekee wa ukoo wetu aliyetoa sababu ya maana ya kupasuliwa.

7. Mama.

Mama ni makamu wa mwalimu mkuu. Kila muhula ndiye anayepanga ratiba ya shule nzima, na huipanga kichwani. Walimu wote, vyumba vyote, maabara moja inayogombaniwa na masomo matatu, mwalimu wa hesabu anayenyonyesha na asiyeweza vipindi vya mwanzo, mwalimu wa michezo asiyeweza kufuatiwa na somo lolote linalohitaji watoto watulie. Huzunguka uani akinong'ona, anasimama, anarudi hatua moja, anaendelea, na akiingia ndani imekamilika. Shule zenye kompyuta zimewahi kumwomba awasaidie. Hiyo ndiyo fahari yake. Hana nyingine, au anazo lakini hazijali.

Nundu yake ni kubwa kuliko yangu, na sasa imekuwa nyekundu, ina joto, inatoa maji. Analalia shavu moja, kiganja chini yake. Amebadilisha foronya za rangi akaweka nyeusi, akidhani sijui sababu. Anafunga kitambaa juu ya kitambaa. Kwenye chumba cha walimu, mwenzake mmoja alihamisha kiti, akisema kuna upepo dirishani. Mama alipofika nyumbani aliniuliza, bila kunitazama, "Hivi inanuka?"

Nilikuwa nikimwosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Nikamwambia twende kwako.

"Mwanangu," alisema, "nikiitoa, ratiba ataipanga nani?"

"Mama, ratiba haikai mle."

"Wewe umejuaje? Wewe yako imeshatoka."

Hakuna chuo kinachofundisha kujibu hoja ya namna hiyo. Nikijibu vizuri, anasema hayo ni mabaki, yataisha. Nikijibu vibaya, anasema unaona sasa. Nikinyamaza ananihurumia. Nimemletea vitabu vyenye michoro. Anatazama mchoro, anatazama kichwa changu, anafunga kitabu kwa upole, kama mtu anayefunika uso wa marehemu. Na kila siku anayokaa akinichunguza kama nimeharibika, ile nundu inazidi kuwaka, na joto limeanza kumpanda mwilini jioni. Ulisema haina madhara. Yangu haikuwa nayo. Yake inamla mama yangu kwa woga, na woga huo umetoka kwangu, na mimi nimetoka kwako.

Kwa sababu hizo zote, ukoo kupitia kwangu unaomba yafuatayo:

Kwanza, turudishiwe nundu. Hata kama imeharibika, hata vipande. Itawekwa kwenye chupa juu ya kabati, na siku ya kikao nitaruhusiwa kukaa karibu nayo. Ikiwezekana kuirudisha mahali pake, nitakuja bila kunywa chai, na safari hii naomba usinipige ganzi, ili Mjomba aone thamani.

Pili, kama imeshatupwa, tupewe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba akili za mwenye cheti zilipimwa kabla na baada na kukutwa sawasawa. Najua hukuzipima kabla. Naomba ukadirie. Tumia ukubwa wa limau.

Tatu, kama cheti hakiwezekani, basi haki itendeke kwa usawa. Uje nyumbani kwetu siku ambayo sote tupo, na kisu, ganzi na muuguzi, utupange kwenye mkeka uanzie kwa Mjomba ukamalizie kwa Betri. Utoe zote. Ukoo mzima uwe na akili kiasi kimoja, pasiwepo wa kumcheka mwenzake chumvi ya chai. Nashauri uanze na Mjomba makusudi, ili wakati wa kuamua juu ya waliobaki asiwepo wa kuongoza kikao. Ukifika kwa mama, fanya haraka na usimuulize chochote.

Nne, ukiona hayo yote ni mzigo, nitaelewa ukimtuma fundi bomba wako. Tunaambiwa anajua kufungua.

Naomba nieleze pia kwamba rasimu ya barua hii imesomwa na Mjomba, kuhakikisha bado naweza kupanga sentensi. Ameiona ni nzuri, tena nzuri mno, akamsifu Betri kwa kunisaidia. Hakufika kwenye ombi la tatu, kwa sababu aliitiwa mgeni.

Nifikishie salamu kwa muuguzi, ambaye mkono wake ulinishika bega muda wote bila yeye kujua. Kwa mlinzi wa getini, aliyembebea Mjomba redio kwenda na kurudi. Kwa yule wa chunjua za vidoleni, natumaini anaandika vizuri. Na kwa wote walio kwenye benchi lako wakisubiri kuwa wepesi.

Nabaki, na nasisitiza neno kubaki,

Mkutubi, aliyekuwa na nundu ya kulia.

Tanbihi: Daktari, nimeikunja barua hii makusudi ili upande huu uwe juu, uusome kwanza.

Naandika nikiwa kwenye benchi lililo nje ya mlango wako. Yote yaliyo ndani niliyaandika juzi. Jana mama alikuwa anakamilisha ratiba ya muhula ujao, na kwa kuwa hawezi tena kuzunguka uani kwa maumivu, alikaa jikoni akanitajia kwa sauti huku mimi nikiosha vyombo.

"Jumatano, baada ya mapumziko," alisema, "mwalimu wa kemia, kidato cha pili, maabara."

"Mama, huyo saa hiyo umeshampa kidato cha nne."

"Sikumpa."

"Umempa. Kabla hujaomba maji."

Alifumba macho. Vidole vyake vikaipitia Jumatano yote juu ya meza, kipindi kwa kipindi, vikasimama, vikarudi, vikasimama tena pale pale. Nikaacha kuosha. Miaka yote ya kazi yake sijawahi kusikia amempanga mwalimu mmoja sehemu mbili.

"Nimempa," alisema.

Yake ilikuwa bado kichwani. Yangu ilikuwa imeshatupwa na takataka zako. Nilitamani kutosema kitu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliweza.

"Kumbe imekaa humu inakula bure," mama akasema. Akaanza kucheka, akashika kichwa kwa maumivu, akaendelea kucheka, au pengine alikuwa analia; kwa mama hivi viwili huja na sauti moja. Kisha akaniuliza, "Huyo daktari wako anaanza saa ngapi?"

Kwa hiyo naomba ufute hoja zote saba na maombi yote manne. Nundu usiitafute. Cheti usikiandike. Mjomba hajui kama tuko hapa. Najua kwa ile hali yake huenda leo usiitoe, utaikamua kwanza umpe dawa, umwambie arudi ikishatulia. Mwambie, atarudi. Lakini naomba leo asiambiwe kwamba umechelewa, au kwamba umetoka kidogo, au kwamba aje kesho, maana ujasiri alionao nimeuona ukimwingia asubuhi hii na sijui utakaa hadi lini.

Utamtambua. Ni yule mama aliyevua kitambaa chake akakishika mkononi. Watu wa benchi wanamtazama kichwa, na hajakifunika.

Barua utaisoma baadaye. Mwite.